Jani la Kale Likioza, Tazama Moyo wa Mmea

Jirani yangu hapa Kibaha, mwalimu mstaafu, ameniruhusu nisimulie yaliyompata, mradi nisitaje jina lake. "Waandikie wenzetu," aliniambia, "asije mwingine akapita njia niliyopita mimi." Nimekubali kwa moyo mmoja, maana katika kosa hilo mkono wangu pia umo, kama utakavyoona.

Alipostaafu, wanawe walimletea tangi la kioo la samaki wa mapambo, la lita kama sitini. Tulilipanga sebuleni kwake, mimi, yeye na mjukuu wake anayesoma darasa la tatu. Mchanga wa mtoni tuliusuuza mpaka maji yakatoka bila tope. Maji ya bomba tuliyaacha kwenye ndoo wazi mchana kutwa na usiku kucha ili klorini itoke. Hadi hapo tulikwenda vizuri. Kesho yake tukatia samaki wanane wadogo, na Mwalimu akasema tangi lisilo na majani halina uhai. Akapanda daladala kwenda Dar es Salaam kutafuta mimea ya majini.

Alirudi jioni ameipakata mimea sita, mizizi yake imeviringishwa gazeti lililolowa.

"Shikamoo, Mwalimu. Umefanikiwa?"

"Marahaba. Nimefanikiwa, tena njoo uone."

Kweli ilikuwa mizuri. Majani yake yalikuwa mapana, yamesimama imara, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Tuliipanda usiku uleule, tukavuta viti tukakaa kuitazama.

Siku ya nne majani yakaanza kubadilika. Kingo zake zikawa kama kioo: ukiweka kidole nyuma ya jani unakiona. Siku ya sita yakatoboka, vikonyo vikalainika kama mchicha uliopitiliza motoni, na vipande vikaanza kuelea. Mwalimu akanipigia simu. "Njoo upesi," alisema, "mimea inakufa."

Neno hilo "inakufa" ndilo lililotuponza. Tulilipokea bila kulichunguza, na kila tulichofanya baada ya hapo kilitoka ndani yake.

Ngoja nieleze kilichokuwa kikitokea, maana baadaye tulikaa chini tukajifunza. Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi huoteshwa mizizi ikiwa majini na majani yakiwa hewani, mahali penye unyevu mwingi. Hukua haraka hivyo, na haishikwi na ule utando wa kijani wa majini. Majani yake hujengwa kwa maisha ya hewani: ni manene, na juu yana tabaka kama nta la kuzuia yasikauke. Ukiuzamisha mmea huo wote, majani hayo hayana kazi tena. Hewa ukaa, ambayo ndiyo chakula cha jani, husafiri ndani ya maji polepole takriban mara elfu kumi kuliko hewani. Jani nene lenye nta haliwezi kuivuta ya kutosha. Basi mmea huanza kutengeneza majani mengine, membamba na laini, yanayofaa majini. Virutubisho vingine huvinyonya kutoka kwenye majani ya zamani, nayo ya zamani huoza. Kuna aina, kama Cryptocoryne kutoka Asia, ambazo huweza kupoteza karibu majani yote ndani ya siku chache kwa kuhamishwa tu, kisha zikachipua upya kutoka kwenye mizizi.

Kumbe tulichokiona hakikuwa kifo. Mmea ulikuwa unabadili mavazi.

Nasi watu wa Pwani hatukupaswa kulishangaa jambo hili. Nani kati yetu hajapanda muhogo? Unakata kipande cha mti, unakifukia, na majani machache yaliyosalia juu yake yananyauka. Hakuna mkulima wa Kisarawe anayefukua muhogo wake siku ya saba kuangalia kama umeshika. Anaacha ardhi ifanye kazi. Lakini kwa sababu hili lilikuwa tangi la kioo, tukiliona usiku na mchana, tulisahau tunachokijua tangu utotoni.

Sasa nije kwenye dalili, maana ndizo hasa zilizonifanya niandike. Zilikuwepo, tena wazi, nasi tukazipita moja baada ya nyingine.

Dalili ya kwanza Mwalimu aliiona dukani kabla hajalipa. Mimea ilikuwa kwenye trei zenye maji kidogo chini, majani yote yako hewani. Angejiuliza swali moja tu, "Je, huu umewahi kuishi chini ya maji?", angejua mapema kwamba majani yale ni ya kupita. Hakuuliza. Na mimi nilipomsikia akisimulia zile trei, sikuuliza pia.

Dalili ya pili aliiona mtoto. Jioni ya siku ya saba alibandika uso wake kwenye kioo, akasema, "Babu, kuna kitoto hapa katikati." Babu alikuwa amevaa miwani anasoma karatasi ya mbolea. Akamwambia asichafue kioo. Nilikuwa nimekaa palepale. Sikuinuka kwenda kutazama.

Karatasi ya mbolea ndiyo ilikuwa msiba wenyewe. Mwalimu analima mahindi Kisarawe, na yurea ilikuwa imebaki stoo. Kwa kuwa mahindi yakiwa ya njano huwekewa yurea yakarudi kijani, alitia kijiko kimoja cha chai kwenye tangi. Shambani yurea ni msaada mkubwa. Asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni. Lakini ndani ya maji bakteria huivunja ikawa amonia, na amonia huchoma mashavu ya samaki. Tena kadiri maji yanavyokuwa ya moto, kama yalivyo huku kwetu, ndivyo sumu yake inavyozidi. Katika tangi la zamani wapo bakteria wengine wanaoibadilisha amonia hiyo ikapungua ukali, lakini kundi hilo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Tangi letu lilikuwa na umri wa siku nane. Kwa hiyo hata samaki tuliwatia mapema mno.

Kosa la mwanga ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu, "Mmea dhaifu unataka jua." Tukasogeza tangi karibu na dirisha la magharibi, na usiku taa ikawaka mpaka saa sita. Kwa saa kama kumi na nane kwa siku, mwanga ulikuwa unamwagika kwenye maji yenye mbolea nyingi, na ndani yake hakuna mmea wenye nguvu ya kuvitumia hivyo viwili. Ulipoingia mwani mdogo wa kijani, haukuwa na wa kushindana nao.

Hiyo ndiyo dalili ya tatu. Siku ya tisa nilipopitisha kidole kwenye kioo kwa ndani, kiliteleza, na ncha ya kidole ikatoka na ute wa kijani. Kesho yake maji yote yalikuwa kama supu ya mlenda. Tulisema, "Angalau kuna kitu kinaota." Hatukusema kwamba kinachoota ni kile tusichokipanda.

Dalili ya nne ilikuja alfajiri ya siku ya kumi na moja. Mtoto aliamka kwenda shule, akamgongea babu yake mlango: "Babu, samaki wanakunywa hewa." Wote wanane walikuwa juu, midomo wazi kwenye uso wa maji. Usiku mimea na mwani havitengenezi oksijeni bali huitumia, na majani yanayooza huitumia pia. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo. Ongeza amonia juu ya yote hayo. Mara nyingi samaki akihamia juu alfajiri anaomba msaada, na dawa ya dakika ile ni kubadilisha sehemu ya maji na kutia pampu ya hewa. Mwalimu alidhani wana njaa. Akawapa chakula.

Saa nne asubuhi watano walikuwa wamekufa.

Nilipofika nilimkuta ameinama, mkono mmoja umezama tangini mpaka kwenye kiwiko, anang'oa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyejitahidi. Aling'oa mmea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukaja mkononi mwangu niutie kwenye ndoo, na hapo ndipo nilipouona. Majani ya nje yalikuwa yameoza yote, yananata kwenye vidole. Lakini katikati, pale majani yanapokutana na mizizi, palikuwa na jani jipya. Lilikuwa refu kama ukucha wa kidole kidogo, jembamba, laini, lenye kijani kibichi tofauti kabisa na yale mengine. Nikaugeuza mmea. Kati ya mizizi ya zamani iliyokuwa ya kahawia kulikuwa na mingine mitatu myeupe, ncha zake safi, imekwisha kushika punje za mchanga.

Mmea ulikuwa mzima. Ulikuwa umeshika. Tulikuwa tumeung'oa siku ambayo kazi ngumu ilikuwa karibu kwisha.

Mtoto aliyerudi shuleni mchana alikuta ndoo imejaa. Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwetu sebuleni mjukuu alikuwepo tangu mwanzo, alisema mara mbili, na sisi watu wazima wawili hatukumsikiliza.

Ningependa niseme kosa liliishia hapo, lakini halikuishia. Mimi ndiye niliyebeba ndoo ile. Ndani yake, pamoja na mimea iliyooza, kulikuwa na magugu maji mawili niliyoyachota bwawani wiki ile, nikayaweka yaelee kwenye tangi kwa sababu ya maua yake mazuri ya zambarau. Nilikwenda mpaka kwenye mtaro unaoshuka bondeni, nikamwaga vyote. Ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa yanatembea. Nikaisuuza ndoo, nikarudi.

Usiku sikulala vizuri, kwa sababu mimi ni mkazi wa Kibaha, na kama kuna mji ambao watu wake hawapaswi kufanya kosa hilo, ni huu wetu.

Gugu maji asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Watu walivutiwa na ua lake, wakalibeba kupambia mabwawa na bustani zao, na kutoka huko likatoroka. Hapa nchini lilionekana miaka ya 1950 katika mito ya Sigi na Pangani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limeingia Ziwa Victoria, na mto Kagera ukaendelea kulimimina ziwani kutoka Rwanda. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za ziwa hilo, ukijumlisha pande za nchi zote tatu zinazolizunguka. Mitumbwi ilinaswa ufukweni, vivuko vilichelewa, na wavuvi waliangalia maji waliyoyazoea yakigeuka kama bustani ya majani. Hatari yake ni mwendo wake: katika maji ya joto yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikisubiri.

Kibaha inaingiaje hapo? Hapa kwetu ndipo palipo kituo cha taifa cha kupambana na visumbufu vya mimea kwa kutumia wadudu wanaovila. Kituo hicho kilikwisha kufanya kazi ya kuokoa muhogo dhidi ya wale wadudu weupe kama unga wanaoudumaza. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wake walipokea mbawakavu wadogo wa jenasi ya Neochetina, nao ni fukusi ambao chakula chao ni gugu maji. Wakawafuga, wakawazalisha, kisha wadudu hao wakapelekwa kuachiwa kwenye mito na ziwani. Fukusi wakubwa hukwangua majani, na watoto wao hutoboa vikonyo kwa ndani mpaka mmea unalegea na kuzama. Kazi hiyo iliunganishwa na kung'oa kwa mikono na kwa mashine, ikachukua miaka mingi, na mpaka leo gugu halijaisha.

Watu walikesha katika mji huu wakilea wadudu ili kusafisha maji ya wengine, nami nikamwaga gugu lilelile mtaroni. Alfajiri niliamka, nikashuka bondeni na reki. Nilipata gugu moja, pamoja na nusu ya mimea mingine. Jingine sikuliona. Kila masika huwa nashuka kutazama, na namshukuru Mungu kwamba bado sijaliona limeota.

Ndugu msomaji, mmea wa majini ukiupa tabu tangini huoza kwa kukosa subira yako, na mmea huohuo ukiutupa ovyo huweza kufufuka pasipo pake. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: tunaamua kwamba kitu kimekufa kabla ya kukitazama kwa karibu. Na mimi ni wa kwanza kukiri kwamba naweza kuyarudia.

Basi tufanye hivi. Mimea itangulie, samaki wafuate baada ya wiki kadhaa. Kabla ya kupanda, kata kwa mkasi majani yaliyovunjika au kuanza kuoza, na upunguze mizizi iliyo mirefu mno. Mmea wenye shina nene linalotambaa kama tangawizi, kama Anubias inayotoka misitu ya Afrika Magharibi na Kati, usiufukie shina hilo mchangani, litaoza. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo. Ile mingine ifukie mizizi tu, moyo wake ubaki juu ya mchanga.

Mwanga uwe wa saa sita kwa siku mwanzoni, kwa mfano kutoka saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, kisha uongeze taratibu hadi saa nane kwa siku. Tangi lisipigwe na jua la dirishani. Majani yanayoyeyuka yatoe kila siku yasichafue maji, na kila wiki badilisha theluthi moja ya maji kwa yale yaliyolala kwenye ndoo. Mbolea ya shamba isiingie kabisa. Mmea mgeni bado hauna mdomo wa kula. Ukishashika ndipo utumie mbolea ya mimea ya majini, tena kidogo.

Zaidi ya yote, jifunze kusoma jani. Likiharibika la chini na la zamani huku la katikati linaota, mmea unazoea. Likidumaa na kuharibika lile jipya la moyoni, hapo ndipo uanze kutafuta tatizo. Bonyeza shina kwa vidole: likiwa gumu, lina uhai. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha usubiri wiki nzima uone. Sisi tulibadilisha mambo matatu ndani ya siku tano, na hata sasa hatuwezi kusema kwa uhakika lipi lilidhuru zaidi. Mmea upe wiki sita kabla ya kuuandikia kifo.

Na usichokitaka, usikitupe kwenye mtaro, bwawa wala mto. Kianike kwenye sakafu kavu juani mpaka kivunjike kama majani ya chai, ndipo ukitie shimoni. Maji ya tangi mwagia migomba au maua, mbali na mkondo. Nalo gugu maji, hata ua lake liwe zuri namna gani, usilichote, usilibebe, usimpe rafiki.

Wiki tano baada ya msiba ule nilikwenda kumjulia hali Mwalimu. Barazani, kivulini nyuma ya mtungi, palikuwa na chupa ya kioo iliyokuwa ya jamu. Ndani yake kulikuwa na maji, mchanga kidogo na mmea mmoja. Mjukuu alikuwa ameuokota kwenye ndoo kabla sijaimwaga, akauweka pale bila kumwambia mtu. Hakuwa na taa, mbolea wala pampu. Alikuwa anabadilisha maji tu. Mmea ulikuwa na majani matano mapya, membamba, laini, yote yamezama.

"Ulijuaje kwamba haujafa?" nilimuuliza.

"Niliona kitoto," akasema.